Kolwezi, Mji Uliolelewa na Shimo

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kilomita zipatazo 300, na karibu zote utazimaliza ukiwa nyuma ya lori. Mengi ya malori hayo yanatoka kwetu. Pale Likasi, tuliposimama kununua mkate na mayai ya kuchemsha, nilihesabu namba saba za Tanzania kabla dereva wetu hajamaliza sigara yake. Kijana mmoja wa Mbeya aliponisikia nikiagiza chai alinichangamkia kana kwamba tumekutana stendi ya Tunduma. Yeye alikuwa anarudi na shaba. Mimi nilikuwa naenda kuona ilikotoka.

Mimi ni mtu wa Tabora, kwa hiyo safari hii si ngeni kwa watu wetu. Katikati ya karne ya 19 Wanyamwezi walikuja huku kwa miguu wakifuata pembe na shaba, na mmoja wao, Msiri, hakurudi. Alianzisha dola ya Garenganze, akaweka makao yake Bunkeya, ambayo leo imo ndani ya jimbo hili la Lualaba, na watu wake wakaitwa Wayeke. Tarehe 20 Desemba 1891 afisa Mbelgiji aitwaye Bodson alimpiga risasi akafa. Lakini hata Msiri aliikuta shaba ikichimbwa. Wenyeji waliyajua mawe ya kijani, waliyayeyusha kwa mkaa na mivukuto na kuyamimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa fedha, ilikuwa mahari. Kwa hiyo, ukiniruhusu nianze na jibu kabla ya swali, huku shimo lilitangulia mji.

Swali lenyewe ni la angani. Katikati ya karibu kila galaksi kubwa, yaani kila mkusanyiko wa mabilioni ya nyota kama huu wetu wa Njia Nyeupe, kuna shimo jeusi: maada nyingi mno iliyobanwa mahali padogo mno, hata nuru ikiingia haitoki. La kwetu lina uzito wa majua milioni nne. La galaksi iitwayo M87, ambalo picha yake ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza ya shimo jeusi lolote, lina uzito wa majua bilioni sita na nusu. Uzito ni mkubwa ila umbo ni dogo. Shimo la kwetu lingewekwa mahali pa Jua lisingefika hata kwenye njia ya Utaridi, ilhali nuru huchukua miaka 100,000 kuivuka galaksi yenyewe. Nyota zilizo mbali na kitovu karibu haziusikii uvutano wa kitu kidogo namna hiyo. Hata hivyo mwaka 2000 makundi mawili ya wanafalaki yalionyesha kwamba ukipima kasi ya nyota zilizo katika nundu ya galaksi, ule uvimbe wake wa katikati, unaweza kubashiri uzito wa shimo lililomo. Nyota zikienda mbio, shimo ni kubwa. Zikienda polepole, shimo ni dogo. Vitu viwili visivyofikiana vimekua kwa kipimo kimoja; kipi kilitangulia?

Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nililitafsiri hivi: kuna mji ambao ukitaka kujua idadi ya watu wake huna haja ya kuhesabu nyumba, nenda tu ukapime kina cha shimo lililo katikati yake. Nikajiambia, mji huo naujua. Uko Kongo.

Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai asubuhi yake inauma. Watu wanatembea wamejifunika makoti, kofia za sufu na vitenge viwili viwili. Kabla ya nyumba unaona vilima vyenye vichwa bapa, na mgeni anaweza kudhani ni milima mpaka aambiwe kwamba ni kifusi, udongo uliotolewa shimoni kwa miaka zaidi ya 80. Halafu inakuja barabara pana ya lami, miembe, vibanda vya simu, wasichana wa shule waliovaa bluu na nyeupe, na ardhi nyekundu ambayo inapanda viatu, suruali, kuta na hatimaye chai yako. Nimeona miji mingi ya migodi, na mingi ina sura ya mtu anayengoja basi. Kolwezi haina sura hiyo. Watu wake wamepanda maua mlangoni.

Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, iliupanga mji huu mwaka 1937 uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Mwaka 1967 serikali iliitaifisha kampuni, na baadaye jina la Gécamines likashika nafasi. Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji kwa siku chache mpaka wanajeshi wa miamvuli wa Ufaransa waliposhuka. Wazee bado wanahesabu umri wa watoto wao kwa vita ile. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa mara nne na Kolwezi ikawa mji mkuu wa Lualaba. Historia yake ni fupi kiasi hicho. Ya mawe ni ndefu zaidi, na nitaifikia.

Mwenyeji wangu alikuwa mstaafu wa mgodi anayeitwa Papa na mtaa mzima, nami nitamwita hivyohivyo. Ruhusa ya kuingia migodini sikuwa nayo, wala hakuihangaikia. Alinipandisha kwenye mwinuko mmoja anaoujua, akanionyesha kwa kidevu. Chini yetu, mbali, ukingo wa dunia ulikuwa umekatwa ngazi ngazi, nyekundu, kijivu, waridi, na hapa na pale mstari wa kijani kibichi ambao ndio malakiti yenyewe. Lile ni KOV, jina lililofumwa kwa herufi za hazina tatu zilizokuwa chini yake: Kamoto, Oliveira na Virgule. Lori lenye magurudumu marefu kuliko mtu liliteremka ngazi ya kwanza, likapotea, likaonekana tena ngazi tatu chini, dogo kama ganda la karanga.

Nilimuuliza Papa swali langu bila kutaja nyota. Kati ya mji na shimo, nani mkubwa?

"Shimo njo ilikuwaka ya kwanza," alisema. "Muji ilikuya nyuma."

Hapo niseme kidogo juu ya Kiswahili chake, maana ni nusu ya uzuri wa huku. Ni Kiswahili kilichokomaa kambini, kati ya Waluba, Walunda, Wasanga, Wabemba na watu waliosajiliwa kutoka kote, bila mwalimu wa sarufi wa kuwafokea. Kinasema *njo* pale ambapo sisi tunasema ndiyo, kinaita ugali *bukari*, na kimetia mkia mdogo, *-ka*, nyuma ya kitenzi ili kueleza mazoea. Siku ya kwanza sikioni mwangu kilikwaruza. Siku ya tatu nilianza kukionea wivu.

Na kina neno *posho*. Zamani za kampuni, mfanyakazi alipewa nyumba, shule ya watoto, hospitali, na kila kipindi gunia la unga, maharagwe, samaki, mafuta. Hiyo ndiyo posho. Kulikuwa na msemo, nami niliusikia kwa Papa kabla chai haijapoa: kazi njo baba, njo mama. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, amewaandikia watoto wa kambi hizo kitabu kizima, akawaita Bana Shaba, wana wa shaba, waliotelekezwa na baba yao. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka, nchi nayo ikaporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. KOV lenyewe lilijaa maji likawa ziwa kwa miaka kadhaa.

Shimo linapoacha kula, mji unalala njaa. Wanafalaki wanaielewa sentensi hiyo, ila wao wana nusu yake nyingine, nayo ndiyo iliyonishangaza zaidi: shimo likila kupita kiasi, linaimwaga sufuria.

Watu wengi hudhani shimo jeusi linavuta kila kitu kama mdomo wa bomba. Halifanyi hivyo. Jua letu likigeuzwa leo kuwa shimo jeusi la uzito uleule, Dunia itaendelea kulizunguka katika njia yake, gizani na baridini, lakini katika njia yake. Kinachotawala galaksi si kile ambacho shimo linameza, ni kile linachokitema. Gesi inayoanguka haidumbukii moja kwa moja. Inazunguka kwanza, kama maji kwenye tundu la sinki, inasuguana, inapata moto, inang'aa. Jua hugeuza chini ya asilimia moja ya uzito wa haidrojeni yake kuwa nishati. Gesi inayozunguka shimo jeusi inaweza kugeuza kiasi cha asilimia 10. Ndiyo maana mwaka 1963 Maarten Schmidt alipoitambua 3C 273 kuwa kitu kilicho mbali sana, wenzake waliduwaa: nukta iliyodhaniwa nyota ilikuwa inang'aa kuliko galaksi nzima. Mwangaza wa namna hiyo unasukuma. Unapuliza upepo unaoifukuza gesi kutoka kitovuni, au kuipasha moto isiweze kutulia na kuganda. Na gesi iliyotulia ndiyo unga wa galaksi. Bila hiyo nyota mpya hazizaliwi. Shimo likishiba sana, ghala linatawanyika, galaksi inazeeka, na shimo lenyewe linakosa chakula. Kwa hiyo vinapimana. Mwaka 1998 Joseph Silk na Martin Rees walikuwa wameshapendekeza hesabu ya namna hii.

Si wote wanaokubali kwamba shimo ndilo lenye usukani. Wapo wanaosema ni ndugu wawili waliolelewa kwenye sinia moja: gesi ileile iliwalisha wote, basi wakakua sawa. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema ni hesabu ya kuungana tu, galaksi zikigongana mara nyingi, mashimo yao nayo yakiungana, uwiano unajitokeza wenyewe bila mtu kuupanga. Binafsi naegemea upande wa upepo, lakini nakiri kwamba nimeegemea huko baada ya kuiona Kolwezi, na hiyo si hoja ya kisayansi.

Juu ya nani alitangulia, Papa ana watu wa kumuunga mkono. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, imeona galaksi za utoto wa ulimwengu zenye mashimo makubwa kuliko umri wao unavyostahili. Mojawapo, UHZ1, shimo lake linakadiriwa kukaribia uzito wa nyota zote za galaksi yake, wakati siku hizi uwiano wa kawaida ni kama moja kwa elfu. Huenda huko mwanzo shimo njo ilikuwaka ya kwanza.

Mlinganisho wangu una mahali unapokatika, na sitaki kulificha hilo. Gesi inayopulizwa kutoka kitovuni, sehemu yake kubwa haiendi mbali. Inapanda juu ya galaksi, inapoa, inarudi chini kama mvua. Kinachotoka Kolwezi kinapakiwa kwenye lori la kijana wa Mbeya, kinavuka mpaka wa Kasumbalesa, kinafika Dar es Salaam au Durban, kinapanda meli. Siku hizi zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, nayo karibu yote ni ya ukanda huu. Imo kwenye simu yako. Mvua yake inanyesha kwingine. Mtaa wa Kasulo ulijifunza jambo hilo kuanzia sakafuni: mwaka 2014 ilipojulikana kwamba chini ya nyumba kuna kobalti, watu walichimba vyumbani, uani, chini ya vitanda, mpaka mtaa ukawa kama chujio, na baadaye sehemu yake ikazungushiwa ukuta. Wachimbaji wa mikono, wanaoitwa huku *bakrezeri* kwa neno lililonyofolewa kwenye Kifaransa, wanashuka na kamba na tochi ya kichwani. Juni 2019 zaidi ya 40 walikufa udongo ulipowaangukia KOV. Papa alipita hapo kimya, nami nikapita kimya.

Kitu kingine kinachopita juu ya vichwa ni umeme. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa nyaya kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi: kilomita 1,700 hivi za msitu na mbuga, vijiji chini yake vikiwasha vibatari. Shimo la M87 linatoa mkuki wa nishati wenye urefu wa miaka 5,000 ya nuru, unaoruka juu ya nyota nyingi bila kuzigusa. Tofauti ni kwamba huko angani nishati inatoka shimoni, na huku inaletwa.

Jioni ya mwisho tulikwenda Nzilo, kaskazini ya mji, ambako mapema miaka ya 1950 mto Lualaba ulizibwa ukawa ziwa. Kama utafika Kolwezi na una siku moja tu, iache migodi, nenda Nzilo. Lualaba ndiyo Kongo yenyewe ikiwa bado kijana. Inatiririka kwenda kaskazini kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba Livingstone, alipoifikia kule Nyangwe mwaka 1871, aliishuku kuwa Nile. Hapa ni maji mapana yasiyo na haraka, mitumbwi miwili, msitu wa miombo unaonukia moshi, maana Julai ni mwezi wa kuchoma nyasi. Tulikula bukari na samaki wa humo ziwani, na sombe iliyopikwa na mama mmoja aliyekataa kutuambia ameweka nini. Naona ni sombe bora kuliko kisamvu chochote nilichokula Tanzania, na najua nitalipia maneno hayo nyumbani.

Giza liliingia ghafla. Kutoka hapa, nyuzi kumi na ushei kusini ya ikweta, kundi la nyota la Nge linapanda juu mwezi wa Julai, na nyuma ya mkia wake linafuata lile la Mshale, ambalo wanafalaki wa pwani waliliita Kausi. Kitovu cha Njia Nyeupe kiko hapo. Ulaya wanakiona kikitambaa karibu na upeo, wakikiona. Nzilo kiko karibu utosini, unalazwa chali. Mwanga wa migodi ulichafua anga upande mmoja tu. Upande mwingine Njia Nyeupe ilikuwa imevimba, na nundu yake ilionekana kwa macho matupu kama unga uliomwagika.

Nilimweleza Papa kwamba shaba ya KOV ilipikwa ndani ya nyota kubwa zilizokufa kabla Jua halijazaliwa. Kobalti nayo ni ya mlipuko wa nyota: ile iliyolipuka Februari 1987, iliyoonekana kwa macho huku kusini, iliendelea kung'aa kwa miezi kwa sababu ya kobalti ya aina isiyodumu, inayopungua nusu kila siku 77, na wanafalaki waliuona mwangaza ukififia kwa mwendo huohuo. Kobalti ya Kolwezi ni ndugu yake anayedumu. Vumbi hilo lilikusanyika likawa Dunia, maji ya chumvi yakaibeba shaba na kuiweka kwenye matope ya bahari ya kale, na miaka kama milioni 550 iliyopita tabaka hizo zikakunjwa na kuvunjwavunjwa. Tangu mkunjo ule Jua limelizunguka shimo letu jeusi mara mbili na kidogo, maana mzunguko mmoja ni miaka milioni 230 hivi. Papa alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Mwaka huo wa 1987, alisema, alizaliwa kitinda mimba wake.

Nikampa darubini yangu ya mkononi. Alitafuta muda mrefu, mikono ikitetemeka kwa baridi.

"Minaona vumbi tu."

Alikuwa sahihi. Kati yetu na kitovu kuna mawingu ya vumbi ambayo nuru ya kawaida haipenyi. Wanafalaki Reinhard Genzel na Andrea Ghez, waliokuwa miongoni mwa waliogawana Nobeli ya 2020, walilazimika kutumia nuru ya joto, wakafuata nyota zinazozunguka kitu kisichoonekana kwa zaidi ya miaka 20. Mojawapo inakamilisha mzunguko kwa miaka 16. Picha ya shimo lenyewe ilitoka Mei 2022. Na kabla yake, mwaka 2019, MeerKAT, antena 64 zilizosimikwa Karoo huko Afrika Kusini, zilionyesha mapovu mawili ya mawimbi ya redio, moja juu na moja chini ya kitovu, mabaki ya mlipuko wa miaka milioni kadhaa iliyopita. Mapovu mengine makubwa zaidi, kila moja likifika miaka 25,000 ya nuru, yaligunduliwa mwaka 2010. Lile shimo limewahi kula vizuri. Sasa linalambalamba.

Papa aliishusha darubini, akaifuta vioo kwa shati lake kwa uangalifu wa fundi, akanirudishia.

"Na ile shimo," akauliza, "inapanaka posho?"

Nikamwambia hapo zamani ilitoa sana. Siku hizi imelala, inatoa kidogo mno.

Papa alicheka mpaka wavuvi wakageuka.

"Basi njo kama hii yetu."